Kumshika mkono mwanafunzi wa shahada ya uuguzi kabla hajadisko: mwongozo kwa wakufunzi na washauri wa vyuo

Mwanafunzi wa uuguzi aliyetoka shule ya kata, kwao ni kaya ya TASAF (mfuko wa serikali unaosaidia kaya maskini), na ukoo mzima hakuna aliyewahi kukanyaga chuo kikuu, akidisko (akiondolewa masomoni) au akiishia njiani ni nadra sana iwe kwa sababu hana akili ya kusoma. Alishapita kidato cha sita na Baiolojia na Kemia yake, pengine bila maabara ya maana. Huwa tunampoteza katika sehemu tatu zinazojulikana mapema: wiki za kwanza kabla bumu (hela ya kujikimu ya mkopo) halijaingia, muhula wa kwanza Kiingereza na hesabu vinapomwelemea, na siku ya kwanza anapofokewa wodini mbele ya mgonjwa. Msaada unaokuja baada ya matokeo ya mwaka wa kwanza umechelewa. Kwa hiyo hatua zilizo hapa chini nyingi zinaanguka ndani ya miezi minne ya mwanzo wa shahada ya miaka minne kama inavyotolewa Tanzania.

Hatua ya kwanza: wajue mapema, bila kuwabandika jina

Siku ya usajili mpe kila mwanafunzi fomu ya ukurasa mmoja. Kila mmoja ajaze, hata aliyeshushwa getini na gari la baba yake, kwa sababu fomu ikipewa wachache umeshawatenga kabla hujawasaidia. Maswali yasizidi kumi, na swali ambalo jibu lake halitakufanya ubadilishe chochote liondoe. Haya yanafaa:

- Sekondari uliyosoma ilikuwa na mwalimu wa Hisabati na wa Fizikia muda wote?
- Mkopo umepata, unasubiri, umekosa, au hukuomba?
- Usiku wa leo unalala wapi?
- Ukipungukiwa hela, nani wa kukutumia?
- Una mtoto au mtu unayemlea?
- Kuna jambo la macho, masikio, viungo au ugonjwa wa kudumu tulijue kabla hujaingia wodini?
- Nyumbani mnazungumza lugha gani?

Swali la malazi liulizwe hivyo hivyo. Ukiuliza "una makazi?" anayebebana na mwenzake kwenye kitanda kimoja cha hosteli atajibu ndiyo, na hutajua kitu. Swali la lugha nalo lina kazi yake: anayezungumza Kisukuma, Kimaasai au Kigogo vizuri ni mtu wa thamani wodini, na ni vema alisikie hilo kwako wiki ya kwanza, kabla hajaanza kuionea haya lafudhi yake.

Fomu zisomwe na watu wawili tu, mshauri wa wanafunzi na mratibu wa mwaka. Makosa hutokea kwenye ukusanyaji: kiongozi wa darasa anapewa kazi ya kukusanya, na kesho yake darasa zima linajua nani yatima na nani ana mtoto. Kusanya mwenyewe, kwenye bahasha zilizofungwa. Usiandike orodha ya "wasiojiweza" mahali popote, wala usiitume kwenye kundi la WhatsApp hata la walimu.

Kisha ligawe darasa, mwalimu mmoja kwa wanafunzi 12 hadi 15, na uweke mikutano mitatu ya dakika 15 kwa kila mmoja: wiki ya 2, ya 4 na ya 8. Ukishindwa yote, shika wa wiki ya 4. Hapo hela ya nyumbani imekwisha, jaribio la kwanza linakaribia, na mwanafunzi bado hajajifunza kuficha hali yake.

Hatua ya pili: hela ya wiki sita za kwanza

Kozi za afya zimekuwa kwenye kundi la kipaumbele la Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu, HESLB, lakini kipaumbele cha kozi hakiokoi ombi lenye kasoro za karatasi. Maombi hufunguliwa katikati ya mwaka, wakati mwanafunzi yuko kijijini na huna namna ya kumshika mkono. Unachoweza ni kutuma ujumbe kwa shule za sekondari zinazokuletea wanafunzi kila mwaka, na kumsaidia kwenye rufaa mara anapofika. Dirisha la rufaa huwa fupi, kwa hiyo wiki ya kwanza afisa mikopo awe na meza yake pale pale kwenye usajili, na apitie na kila aliyekosa au aliyepata kidogo mambo haya:

1. Majina. Linganisha cheti cha kuzaliwa, cheti cha kidato cha nne na fomu ya mkopo, herufi kwa herufi. "Magreth" na "Margareth" ni watu wawili machoni pa mfumo. Hapo inatakiwa hati ya kiapo au hati ya kubadili jina, kadiri mwongozo wa mwaka huo unavyosema.
2. Uhakiki. Cheti cha kuzaliwa kihakikiwe RITA, wakala wa serikali wa usajili wa vizazi na vifo, au ZCSRA, wakala kama huo wa Zanzibar, kwa aliyezaliwa huko. Yatima apeleke pia cheti cha kifo cha mzazi kihakikiwe. Wengi wana kibali cha mazishi tu, wakidhani ndicho cheti.
3. Namba ya kaya ya TASAF. Mwanafunzi mara nyingi haijui. Mama anayo kwenye kitambulisho cha mlengwa, na picha yake ya simu inatosha kuanzia.
4. Ulemavu, wake au wa mzazi, uthibitishwe kwenye fomu yake na mganga mkuu wa wilaya au wa mkoa. Barua ya daktari wa zahanati haitoshi.
5. Saini na mihuri ya serikali ya mtaa au kijiji. Angalia muhuri unasomeka. Karatasi iliyopigwa picha gizani hukataliwa.

Kwa vyuo binafsi, mwambie mzazi ukweli mapema: mkopo wa ada mara nyingi haufiki ada nzima. Kaeni naye, hata kwa simu, mpange malipo kwa awamu kwa maandishi, na mhasibu asaini. Bila karatasi hiyo mwanafunzi atazuiwa mlangoni siku ya mtihani wa mwisho wa muhula, akiwa ameshalipa robo tatu.

Hata mkopo ukipatikana, bumu laweza kuchelewa wiki kadhaa. Hapa ndipo panapohitajika mfuko mdogo wa dharura, na unaendeshwa kwa kanuni chache ambazo hazivunjwi. Kiwango cha juu kiwekwe mapema, tuseme shilingi 50,000 kwa mara moja na mara mbili kwa mwaka. Fomu iwe nusu ukurasa. Uamuzi utoke ndani ya saa 48. Anayeamua asiwe anayemfundisha. Na iwe ruzuku, usimkopeshe, maana anayedaiwa elfu hamsini na mwalimu huanza kumkwepa mwalimu. Pamoja na mfuko, kubaliana na mama lishe au mgahawa wa chuo: kuponi za chakula zinazofanana na risiti za kawaida, ili mtu wa nyuma yake kwenye foleni asijue kitu. Mwanafunzi asiyekula ataanguka wodini saa tano asubuhi, wakati wa kutandika vitanda, na atasema ni malaria.

Mkumbushe kila mtu kusaini fedha zake zinapofika. Zisiposainiwa kwa wakati hurudi Bodi, na wanaosahau ni wale wale ambao simu zao hazina bando.

Hatua ya tatu: kabati la vifaa

Hii ni rahisi na inapuuzwa. Kwa darasa la wanafunzi 60, kabati lenye stethoskopu 10, saa za kubandika kifuani 10 zenye mshale wa sekunde, sare 12 za saizi mbalimbali, viatu jozi 8 na makoti 6 ya kazi za jamii linamaliza karibu aibu yote ya vifaa. Sare zitafute kwa wanaomaliza: waombe waziache zikiwa zimefuliwa. Utaratibu wa kuazima uwe wa maktaba, kwa jina na tarehe, na mtu yeyote aruhusiwe kuazima, hata aliyesahau yake hosteli. Hilo ndilo linalolinda heshima ya asiye nayo kabisa.

Pamoja na vifaa, panga pia chanjo. Homa ya ini aina ya B inataka dozi tatu: ya kwanza, ya pili baada ya mwezi mmoja, ya tatu miezi sita baada ya ile ya kwanza. Ukianza wiki ya kwanza ya masomo, mwanafunzi anaingia wodini muhula wa pili akiwa na dozi mbili. Chuo kikimwachia ajilipie, asiye na hela ataahirisha kimyakimya na ataingia wodini bila kinga.

Hatua ya nne: Kiingereza cha uuguzi

Miaka saba ya msingi alisoma kwa Kiswahili. Sekondari iliandikwa kuwa ni ya Kiingereza, lakini mwalimu wake alifafanua kwa Kiswahili na ubaoni akaandika kwa Kiingereza, naye akakariri ubao. Sasa anakaa kwenye mhadhara wa anatomia saa mbili, na mtihani unataka aeleze kwa sentensi zake. Kumwambia "ongeza bidii kwenye lugha" hakumsaidii, kwa sababu hajui bidii hiyo aiweke wapi. Kuna Kiingereza cha aina tatu, na kila kimoja kina dawa yake.

Cha kwanza ni cha mtihani. Wengi wanaojua jibu hupoteza alama kwa sababu ya kitenzi cha swali. Chukua saa moja wiki ya 3, weka ubaoni "list", "describe", "explain", "differentiate" na "justify", na kwa mada moja, tuseme upungufu wa maji mwilini kwa mtoto, jibuni maswali matano kwa vitenzi hivyo vitano. Mwanafunzi aone kwa macho yake kwamba la kwanza linataka mistari mitano na la tatu linataka sababu. Saa hiyo moja inarudisha alama nyingi kuliko mwezi wa masomo ya sarufi.

Cha pili ni cha faili la mgonjwa, na hapa panahitaji uangalifu, kwa sababu kosa linamfikia mgonjwa. Mgonjwa anasema Kiswahili, faili linaandikwa Kiingereza, na mwanafunzi ndiye daraja. Mama akisema "nasikia maumivu", anayetafsiri neno kwa neno anaandika kwamba mgonjwa anayasikia maumivu kwa masikio. Akisema "kichomi", je, ni maumivu ya ubavu akivuta pumzi, au jina analoliita nimonia? Akisema mtoto alipata degedege, aliona nini hasa: macho kugeuka, mwili kukakamaa, povu, dakika ngapi? "Presha imepanda" inaweza kuwa kipimo, na inaweza kuwa moyo kwenda mbio baada ya ugomvi wa nyumbani.

Mpe kila mwanafunzi daftari la safu tatu: maneno ya mgonjwa yalivyo, swali la kuuliza zaidi, na maneno ya kuandika kwenye faili. Kila wiki ya wodi alete maneno matano. Mwisho wa muhula darasa lina kamusi yake, na aliyetoka Ngorongoro au Sengerema ameingiza humo maneno ambayo hata mkufunzi hakuyajua.

Kuna mtego mmoja wa daraja hilo unaostahili somo lake peke yake: saa. Mgonjwa akisema alimeza dawa saa mbili asubuhi, faili lisomeke 08:00. Mwanafunzi aliyechoka anaandika 02:00, na muuguzi wa zamu inayofuata anatoa dozi mapema kuliko inavyopaswa. Kanuni iwe moja: chati yoyote ni saa 24, na kabla ya kuandika mwanafunzi arudie kwa sauti, "saa mbili asubuhi, sifuri nane sifuri sifuri". Fanyeni mazoezi ya haraka ya mifano ishirini hivi ya saa, asubuhi na usiku ikiwa imechanganywa, mpaka hakuna anayesita.

Cha tatu ni cha kukabidhi zamu. Weka dakika 20 kila wiki, wanafunzi watatu kwa siku hiyo, kila mmoja akabidhi mgonjwa mmoja kwa dakika mbili: ni nani, amelazwa kwa nini, hali yake sasa, nini kifanyike. Wa kwanza kuzungumza wasiwe wale hodari wa Kiingereza, kwa sababu wataweka kiwango kinachowanyamazisha wengine. Na usimkatishe mtu kusahihisha sarufi. Sahihisha kilichoweza kumdhuru mgonjwa, mengine myaandike pembeni.

Hatua ya tano: hesabu za dawa

Tatizo mara chache huwa ni kuzidisha. Ni kubadili vipimo na kuelewa asilimia, mambo ambayo aliyekosa mwalimu wa Hisabati aliyaruka. Wiki ya 2 toa jaribio la maswali kumi, lisilo na alama za koswaki (kazi za muhula), kwa darasa zima. Aliyepata chini ya 7 anaingia darasa la Jumatano jioni, saa moja, kwa wiki sita. Liite "darasa la hesabu la Jumatano". Likiitwa darasa la wadhaifu hawatakuja, na watakuwa na haki.

Kila swali lifuate mpangilio huu, kwa maandishi, hata likiwa jepesi:

1. Andika kilichoagizwa, pamoja na kipimo chake.
2. Andika kilichomo kwenye chupa au ampuli.
3. Fanya vipimo vifanane: gramu kuwa miligramu, saa kuwa dakika.
4. Kadiria kabla ya kukokotoa. Itakuwa zaidi ya chupa moja, au pungufu?
5. Kokotoa.
6. Linganisha na makadirio, kisha mwenzako akokotoe upya bila kuona jibu lako.

Mtoto wa kilo 12 ameagizwa parasetamo miligramu 15 kwa kila kilo: ni miligramu 180. Dawa ya maji ina miligramu 120 katika mililita 5. Kwa kukadiria, 180 ni 120 na nusu yake, basi jibu ni mililita 5 na nusu yake, yaani 7.5. Anayeweza kufika hapo bila kikokotoo ameelewa. Anayetegemea kanuni tu ataibadilisha juu chini siku ya zamu ya usiku.

Dripu: mililita 1,000 kwa saa 8, mrija wa matone 20 kwa mililita. Matone yote ni 20,000, dakika ni 480, kwa hiyo 42 kwa dakika. Kosa la kawaida ni kugawanya kwa 8 na kuacha hapo. Kosa la pili ni kutosoma pakiti ya mrija, maana mrija wa watoto huwa wa matone 60. Asiishie daftarini: mpeleke kwenye dripu ya chumba cha mazoezi, ahesabu matone kama 10 au 11 kwa sekunde 15, akirekebisha gurudumu kwa kidole.

La tatu ni lile linaloweza kuua, na kila mwanafunzi alifanye kwa mikono yake na ampuli za maji: magnesiamu salfeti kwa mama mwenye kifafa cha mimba. Imeagizwa gramu 4 kwenye mshipa, ikiwa ya asilimia 20. Iliyopo kabatini ni ya asilimia 50, ampuli ya mililita 10 yenye gramu 5. Asilimia 50 ni gramu 50 katika mililita 100, kwa hiyo kila mililita ina nusu gramu. Gramu 4 ni mililita 8. Ongeza mililita 12 za maji ya sindano, unapata mililita 20 zenye gramu 4. Asiyeelewa asilimia anakumbuka tu "mililita 20", anavuta mililita 20 za ile ya asilimia 50, na ameshika gramu 10 mkononi: dawa ya kumsimamisha mama kupumua. Ndiyo maana kalsiamu glukoneti, dawa ya kuitangua, huwekwa karibu.

Wakati huo huo mfundishe kuandika 0.5 na kamwe asiandike .5, maana nukta ikififia inasomeka 5. Wala asiandike 5.0, kwa sababu hiyo hiyo.

Alama ya kufaulu hesabu za dawa iwe 10 kwa 10. Anayekosa arudie mara nyingi kadiri anavyohitaji, bila adhabu wala kumbukumbu mbaya, lakini asiingie wodini kutoa dawa kabla hajafika hapo. Wanafunzi hulikubali hili upesi wakielezwa sababu.

Hatua ya sita: wodini

Kabla ya mzunguko wa kwanza, nenda mwenyewe ukae na incharji (muuguzi msimamizi) wa wodi nusu saa. Mkubaliane mambo matatu. Kila mwanafunzi awe na muuguzi mmoja anayejulikana kwa jina, wasirushwe kwa yeyote aliyepo. Masahihisho yafanyike nyuma ya pazia au chumba cha dawa, isipokuwa hatari ni ya papo hapo, na hapo neno liwe "simama" tu. Na logibuku, daftari la kazi alizofanya mwanafunzi, isainiwe siku hiyo hiyo, kwa sababu anayeogopa kumfuata mkubwa kuomba saini ndiye anayefika mwisho wa muhula na kurasa tupu, ingawa kazi ameifanya.

Anayefokewa mbele ya mgonjwa siku ya kwanza hujifunza kujificha. Utamwona kila mara yuko na kipimajoto kona ya mbali, au amejitolea kupeleka vipimo maabara. Walimu humwita mvivu. Mwite pembeni, mpe kazi moja ndogo afanye nawe tangu mwanzo hadi mwisho, kwa mfano kupima presha ya wagonjwa watatu na kuandika, kisha kesho yake aifanye peke yake ukiwa mita mbili nyuma.

Ajali ya sindano nayo hufichwa, kwa hofu ya kugombezwa na ya gharama. Sema siku ya kwanza, na ubandike ukutani: osha kwa maji na sabuni, toa taarifa zamu hiyo hiyo, dawa kinga ya VVU ianze haraka na isizidi saa 72, imezwe siku 28, na hakuna adhabu.

Wanafunzi wa kiume hufukuzwa wodi ya wazazi na ndugu, na wakati mwingine na wauguzi wenyewe, halafu wanadaiwa idadi ya kuzalisha kwenye logibuku. Suluhisho ni la utaratibu: mkunga amtambulishe kwa mama mapema, mapema kabisa kabla uchungu haujakaza, mama aombwe ridhaa yake, na mkunga wa kike abaki chumbani. Mama akikataa, amekataa. Mwanafunzi apangiwe siku nyingine, asiandikiwe mtoro.

Kwa wanaovaa hijabu, hasa Pwani na Zanzibar, andikeni kwenye kanuni za sare: mtandio mfupi unaofungwa ndani ya sare, na mikono inayokunjwa hadi kiwiko wakati wa kunawa na kazi ya mgonjwa. Likishaandikwa, halitakuwa tena hoja ya kujadiliwa na kila incharji upya.

Zamu ya usiku inahusu usafiri zaidi ya kitu kingine. Chuo kisicho na gari kiwapange wanaokaa njia moja zamu moja, na anayekaa mbali zaidi aanze mapema na kutoka mapema kwenye zamu ya jioni.

Mahitaji ya mtu mmoja mmoja

Mwanafunzi mwenye ualbino kwa kawaida ana uoni hafifu ambao miwani hairekebishi wote. Kiti cha mbele pekee hakitoshi. Mpe maandishi ya ukubwa wa 18, mashine ya presha ya kidijitali badala ya ya mshale, na kikuzaji kidogo cha mfukoni kwa maandishi ya ampuli. Alama za bomba la sindano ni nyeusi, basi aweke kadi nyeupe nyuma ya bomba anapovuta dawa. Kwenye mafunzo ya jamii apangiwe kutembelea kaya asubuhi na jioni, apewe kofia pana na mafuta ya kukinga jua. Na mwulize yeye kwanza, maana ameishi na macho hayo miaka ishirini.

Asiyesikia vizuri anahitaji stethoskopu ya kukuza sauti, na wenzake wavue barakoa au wamwandikie wanapokabidhi zamu. Asiyetofautisha rangi, wengi wakiwa wanaume ambao hawajijui, atashindwa kusoma vipimo vya mkojo vya kuchovya. Mpime mapema, umfundishe kuhakikisha na mwenzake.

Mama anayenyonyesha aondolewe zamu za usiku kwa miezi ya mwanzo, na zifidiwe baadaye kwa ratiba iliyoandikwa. Apate chumba chenye kitasa na dakika 20 katikati ya zamu. Tangu Novemba 2021 serikali iliporuhusu wasichana waliopata ujauzito kurudi shule, tutegemee kina mama vijana zaidi mlangoni kwetu, na kila mmoja wao amepigana kufika hapo.

Sapu haimaanishi mwisho

Dalili zipo wiki kadhaa kabla ya sapu (mtihani wa kurudia somo alilofeli): hajaleta kazi ya kwanza hadi wiki ya 4, amekosa zamu mbili, simu haipatikani, ameacha kuja mgahawani, anaomba ruhusa ya kwenda nyumbani kila Ijumaa. Mbili zikikutana, mshauri ampigie siku hiyo hiyo. Swali la kwanza liwe "umekula?", kisha "unalala wapi?", ndipo masomo yafuate.

Akipata sapu, mpeni ndani ya wiki moja karatasi yenye mambo manne: mada alizokosa kwa majina, tarehe, mwanafunzi wa mwaka wa tatu atakayesoma naye mara mbili kwa wiki, na mahali atakapolala wakati wa likizo, kwa sababu hosteli zikifungwa wa Kigoma hana nauli ya kwenda na kurudi. Huyo wa mwaka wa tatu asipewe zaidi ya watu watano wa kusoma nao, na apewe cheti au posho ndogo. Kujitolea bure kunaisha wiki ya tatu. Kama maisha yamemzidi kweli, mwelekeze kuahirisha mwaka kwa maandishi kabla ya mtihani. Anayeahirisha anarudi. Anayetoweka bila barua hudisko, na kurudi kwake ni safari nyingine ya miaka.

Mwaka wa nne

Baada ya shahada kuna mwaka wa mafunzo kazini hospitalini, kisha usajili na leseni ya Baraza la Uuguzi na Ukunga Tanzania. Kati ya mtihani wa mwisho na posho ya kwanza ya mafunzo hayo kuna pengo jingine la hela, linalofanana na la mwaka wa kwanza, na mfuko wa dharura uwe bado wazi kwake. Mwezi mmoja kabla ya mtihani, kaeni mezani na kila mwanafunzi, mkague majina kwenye vyeti vyake vyote kwa mara nyingine, herufi kwa herufi, na mkihakikisha yanafanana, mumtengenezee nakala tatu zilizothibitishwa ziwe kwenye bahasha yake kabla hajafunga begi.